Sauti ya Nne na Unyama wa Binadamu

Hotuba kwa waimbaji wa kiume kwenye semina ya kwaya, siku ya pili, baada ya chai. Wengi waliniomba niiandike, nami nimeiandika kama nilivyoisema.

Bwana Yesu asifiwe, wanakwaya.

Asanteni. Jana walimu wenzangu wamewafundisha kupumua, kufungua koo na kushuka hadi so ya chini bila kukwaruza. Mimi sikuja na nota. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya sauti yenyewe mliyopewa, hii nzito ya besi, yaani sauti ya nne, na juu ya kitu ambacho sauti hii imekutana nacho uso kwa uso zaidi ya mara moja: ukatili wa binadamu kwa binadamu mwenzake.

Kazi ya besi mnaijua. Soprano ndiyo inayobeba wimbo, na watu wakitoka kanisani ndiyo wanayoipiga mluzi njiani. Besi hakuna anayeiimba akiosha vyombo. Lakini ije Jumapili ambayo wazee wa sauti ya nne wamekwenda msibani, hata mama ambaye hajui do wala re atageuka atazame nyuma. Anahisi wimbo unaelea, hauna mahali pa kukanyaga. Kumbe siku zote alikuwa amesimama juu ya sauti ambayo hajawahi kuitaja.

Mtu ninayetaka kuwaeleza habari zake anaitwa Paul Robeson.

Nilimsikia mara ya kwanza nikiwa darasa la sita. Mwalimu wetu mmoja alikuwa na gramafoni ya sanduku la mbao, na Jumamosi alituruhusu tukae barazani kwake. Siku hiyo akaweka santuri ngeni, akaniita, akaushika mkono wangu na kuulaza juu ya sanduku. "Sikiliza kwa kiganja," akaniambia. Sauti ikaja. Nikaisikia ikipanda kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kama gari kubwa linapopita karibu na ukuta ulioegemea. Maneno sikuyaelewa hata moja. Ila nilielewa kwamba mtu mzima anaomboleza, na hajifichi.

Wataalamu humwita besi-baritoni, yaani sauti iliyo kati ya besi na baritoni. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, jimbo la New Jersey, Marekani. Baba yake, William, alizaliwa mtumwa huko North Carolina, akatoroka mwaka 1860 akiwa na miaka 15, akasoma, akawa mchungaji. Paul alisema hajapata kusikia sauti ya kuongea iliyo nzuri kuliko ya baba yake, nayo ilikuwa besi. Basi fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Sauti ile ambayo watu wa mabara yote walilipa kiingilio ili waisikie ilirithiwa kutoka kwenye kifua cha mtu aliyekuwa na bei sokoni.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiishi London, Robeson alijiandikisha chuoni kujifunza lugha za Kiafrika, na Kiswahili kikiwamo. Alifahamiana na Jomo Kenyatta huko huko. Natamani ningekaa naye meza moja nimweleze habari ya neno letu moja: mshenzi. Enzi za biashara ya watumwa, kwa watu wa pwani mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye wa mji wala wa dini. Na ni huyo huyo aliyekamatwa, akatiwa kongwa shingoni, akatembezwa hadi baharini akauzwa. Aliyefungwa ndiye akaitwa mshenzi. Aliyeshika mnyororo akaitwa mstaarabu. Mtoto wa William Robeson asingehitaji maelezo marefu.

Maisha yake ya ujana nayapitia haraka, kwa sababu yangeweza kula siku nzima. Alisoma Rutgers, chuo ambacho kabla yake kilikuwa kimepokea Weusi wawili tu. Wachezaji wenzake wa mpira wa Kimarekani walimvunja pua siku za majaribio, akabaki, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa nchi nzima. Akasoma sheria, akaiacha baada ya karani mmoja kukataa kuandika maneno yanayotoka kinywani mwa mtu Mweusi. Mwezi Aprili 1925, mjini New York, yeye na mpiga piano Lawrence Brown wakafanya tamasha zima la nyimbo za Weusi, nyingi zikiwa zile za kiroho walizoziacha watumwa. Mwaka 1943 akacheza Othello, mchezo wa Shakespeare, kwenye Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo za New York, maonyesho 296. Kwa wakati huo alikuwa miongoni mwa Wamarekani wanaojulikana zaidi duniani.

Mtu wa namna hiyo angeweza kuimba, akala, akalala. Wangapi tunafanya hivyo?

Mwezi Julai 1946, katika jimbo la Georgia, karibu na daraja la Moore's Ford, kundi la Wazungu lilisimamisha gari. Wakawashusha wanandoa wawili Weusi, watu wanne, wakawapiga risasi. Mmoja wa wanaume wale alikuwa ametoka vitani, alikopigana na sare ya jeshi la nchi hiyo hiyo. Hakuna aliyehukumiwa. Septemba mwaka ule Robeson aliongoza ujumbe hadi Ikulu ya Marekani kumwomba Rais Truman alete sheria ya kukomesha mauaji ya namna hiyo, ambayo makundi ya watu yaliyafanya hadharani, mara nyingine mbele ya watoto. Rais akajibu kwamba wakati haujafika. Sheria hiyo, wanakwaya, ilikuja kutiwa saini mwaka 2022. Hesabuni wenyewe.

Sasa nije Peekskill, maana ndipo ninapotaka mkae nami.

Peekskill ni mji mdogo kaskazini mwa New York. Tarehe 27 Agosti 1949 Robeson alitakiwa aimbe karibu na hapo, tamasha la kuchangia haki za raia. Hakufika jukwaani. Kundi la watu lilivamia waliokuwa wakitayarisha uwanja, likawapiga, likachoma moto viti na karatasi za nyimbo, na mlimani ukawashwa msalaba. Msalaba! Sisi tunaousimika madhabahuni, wao waliuwasha kama kitisho.

Wiki moja baadaye, tarehe 4 Septemba, akarudi. Safari hii walikuja wasikilizaji kama 20,000. Wanaume wa vyama vya wafanyakazi, wengi wao walikuwa wametoka vitani Ulaya, wakapanga mstari kuuzunguka uwanja mzima, bega kwa bega, migongo kwa jukwaa na nyuso kwa wale waliokuja kutukana. Na Robeson alipopanda kuimba, wanaume wengine walipanda pamoja naye, wakasimama nyuma yake na ubavuni, ili kama kuna bunduki vilimani, risasi ipite kwanza kwao.

Naomba mwitazame picha hiyo kama waimbaji. Kila siku mwalimu wenu anawaambia mlegeze mabega, shingo isikaze, hewa ishuke tumboni. Mlegeze mabega, huku mtu aliye nyuma yako amekuja kupokea risasi yako! Na aliimba.

Wakati wa kuimba hakuna aliyedhurika. Ilikuwa wakati wa kutoka. Barabara ilikuwa nyembamba, na kando yake watu walikuwa wamepanga mirundo ya mawe. Magari na mabasi yakapita katikati ya mvua ile kwa maili kadhaa, vioo vikivunjika juu ya wanawake na watoto, na polisi wengine wakitazama, wengine wakishiriki. Walioumia walizidi 140. Eugene Bullard, rubani Mweusi aliyeipigania Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, aliangushwa chini akapigwa virungu, na picha zake zikapigwa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kumpiga. Mwimbaji Pete Seeger alifika nyumbani na mawe ndani ya gari, yalipita dirishani wakati amebeba familia yake. Alipojenga nyumba yake, aliyajenga mawe hayo kwenye dohani, kwa saruji, yakae hapo kila anapowasha moto.

Wale waliorusha mawe hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa mafundi, wenye maduka, baba za watoto. Asubuhi ile ilikuwa Jumapili. Huenda wengi wao walikuwa wametoka kuimba, kama mimi na wewe.

Mwaka 1950 serikali ikamnyang'anya pasipoti. Kumbi zikafungwa mbele yake, santuri zikaondolewa madukani. Aliambiwa angerudishiwa pasipoti kama angetia saini kwamba akiwa nje hatatoa hotuba za siasa. Akakataa. Mwaka 1952 akasimama juu ya lori kwenye mpaka wa Kanada, upande wa Marekani, akawaimbia maelfu waliokuwa ng'ambo ya mstari asioruhusiwa kuuvuka. Na mwaka 1957 wachimba makaa ya mawe wa Wales, huko Uingereza, rafiki zake tangu miaka ya njaa, wakafanya jambo zuri kuliko yote ninayoyajua katika habari za uimbaji. Walikusanyika kama 5,000 mjini Porthcawl, Robeson akaingia studio New York, na sauti yake ikapitishwa kwenye waya wa simu uliolazwa chini ya bahari ya Atlantiki. Akaimba. Walipomaliza kumsikiliza, kwaya yao ya wanaume ikamwimbia kupitia waya ule ule, na yeye peke yake chumbani, kipokea sauti sikioni, akazisikia besi za watu wa migodini zikimjia kutoka upande wa pili wa bahari. Mwaka uliofuata akarudishiwa pasipoti yake.

Ningependa niishie hapo. Ingekuwa hotuba safi, nanyi mngepiga makofi. Lakini ningekuwa nimewadanganya.

Turudi Juni 1949, kabla ya mawe ya Peekskill. Robeson alikuwa Moscow, mgeni wa heshima wa serikali ya Kisovieti. Akaulizia rafiki zake wawili Wayahudi aliowafahamu walipozuru Marekani mwaka 1943. Mmoja, mwigizaji mkubwa Solomon Mikhoels, alikuwa ameuawa Januari 1948 kwa amri ya Stalin, mtawala wa Kisovieti, na mauaji yakapambwa yaonekane ni ajali ya gari. Wa pili, mshairi Itzik Feffer, alikuwa gerezani. Wakamtoa, wakamvalisha vizuri, wakamleta hotelini. Mtoto wa Robeson ndiye aliyesimulia baadaye yaliyotokea chumbani mle. Kulikuwa na vinasa sauti. Kwa hiyo vinywa vilizungumza habari za kawaida, za nyumbani na za kazi, huku mikono ikisema mengine. Feffer akapitisha kidole shingoni.

Hebu tulieni hapo. Mmoja ni mshairi. Mwingine ana besi inayojaza kumbi. Na wamefikishwa mahali pa kuzungumza kwa vidole, kama watoto wanaomwogopa baba wa kambo.

Katika tamasha lake la mwisho mjini humo, Robeson aliwataja Mikhoels na Feffer kwa majina kama rafiki zake, kisha akaimba kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi, ambao maneno yake yaliandikwa mwaka 1943 na kijana Hirsh Glick ndani ya geto la Vilna, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi. Lilikuwa jambo la ushujaa, nami nalihesabu hivyo. Lakini akarudi kwao, waandishi wakamwuliza kama Wayahudi wanateswa katika Umoja wa Kisovieti, akakana. Tarehe 12 Agosti 1952 Feffer alipigwa risasi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Robeson akatunukiwa tuzo ya amani yenye jina la Stalin, akaipokea.

Sababu zake nazielewa. Nyumbani kwao wenye kurusha mawe walikuwa wanangoja neno moja tu la kumkata. Aliona kwamba akisema, atawapa silaha watu wanaowaua watu wake. Nimelipima jambo hili miaka mingi, na kila nikilipima naona sababu ni nzuri, na shingo ya Feffer ilikuwa moja tu.

Msidhani namhukumu nikiwa nimekaa pasafi. Miaka mingi iliyopita, mchana, nikiwa sokoni na kapu la nyanya, nilisikia "Mwizi! Mwizi!" Kijana wa miaka kama kumi na minane, shati la bluu, mguu mmoja una ndara na mmoja hauna. Wakamwangusha mbele ya vibanda vya mitumba. Akasema "Nisameheni, wazee," akalirudia, akalirudia. Kisha nikaona mtu anakuja anaviringisha tairi. Taratibu, kama fundi anayepeleka kwa mteja. Mimi nilikuwa hatua thelathini. Mimi ninayeimba kanisani bila kipaza sauti na aliye mlango wa nyuma akashika kila neno. Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nikaufunga, nikaondoka, na nyanya zangu sikudondosha hata moja. Kesho yake gazeti likaandika kwamba kijana aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Mmeyaona maneno hayo maelfu ya mara. Hasira kali! Nilikuwapo. Yule wa tairi hakuwa na hasira hata kidogo.

Ndiyo maana jambo la mwisho ninalotaka kuwaeleza ni la besi ambazo hazikufunga mdomo.

Pembeni mwa mji wa Kyiv, Ukraine, kuna korongo linaitwa Babi Yar. Tarehe 29 na 30 Septemba 1941 Wanazi waliwaamuru Wayahudi wa mji ule wajikusanye na mizigo yao na nguo za baridi, kama watu wanaohamishwa. Wakawapeleka korongoni, wakawavua nguo, wakawapiga risasi. Hesabu waliiandika wauaji wenyewe kwenye taarifa yao: watu 33,771. Siku mbili. Vita vikaisha, na serikali ya Kisovieti haikutaka kusema kwamba pale waliuawa Wayahudi kwa sababu ni Wayahudi. Korongo likaanza kujazwa tope la viwanda vya matofali, hadi Machi 1961 kingo ikapasuka na tope likafukia nyumba za watu na kuua wengine tena.

Mwaka huo mshairi kijana, Yevgeny Yevtushenko, akachapisha shairi la Babi Yar. Mtunzi Dmitri Shostakovich akalichukua, akalitungia muziki ambao ukawa sehemu ya kwanza ya simfonia yake ya 13, yaani utungo mrefu wa okestra. Na sikilizeni alivyouandika: mwimbaji mmoja wa besi, okestra, na kwaya ya besi tupu. Hakuna soprano. Hakuna alto. Hakuna hata tenor, sauti ya tatu. Kwa sehemu kubwa wanaume wale hawagawani sauti, wanaimba mstari mmoja. Kengele inagonga, halafu wanaingia kutoka chini, na neno lao la kwanza ni kwamba juu ya Babi Yar hakuna mnara wa kumbukumbu.

Kumpata wa kuimba kulikuwa kazi. Boris Gmyrya, besi mkubwa wa Ukraine, alikataa. Viktor Nechipailo akajifunza, lakini dakika za mwisho akaitwa kwenda kuimba kwenye opera badala ya mwingine, na kila mtu alielewa kwamba ilikuwa njia ya kumzuia. Akabaki Vitaly Gromadsky, aliyekuwa akiba. Tarehe 18 Desemba 1962, kwenye Ukumbi Mkuu wa chuo cha muziki cha Moscow, kijana huyo alisimama mbele ya kwaya ile akaimba. Kwenye programu waliyogawiwa watu mlangoni, maneno ya nyimbo hayakuchapishwa. Kwa hiyo kama yasingetoka kwenye vifua vya wale wanaume, yasingesikika usiku ule. Ilikuwa Moscow ile ile ya hoteli yenye vinasa sauti, miaka 13 baadaye.

Baadaye mshairi alilazimishwa kubadili mistari. Mnara ukajengwa korongoni mwaka 1976, na haukuwataja Wayahudi. Januari ya mwaka huo huo Paul Robeson alikuwa amefariki, mjini Philadelphia, akiwa na miaka 77.

Naona mwalimu wa kinanda ameshakaa, na muda wangu umefika. Sauti ya nne, simameni. Baritoni, nanyi simameni, hata ninyi wa sauti ya tatu mnaojua kushuka. Tutaimba ule wimbo wa msiba mliofundishwa jana, lakini hatutagawana sauti. Wote mstari wa chini, mmoja tu. Vitabu fungeni, nitazameni mimi. Mwalimu, tupe do.